Fomu, Balozi na Mahema

Fomu ya maombi ambayo Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza kuitumia mara baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa na maswali yasiyohusu hesabu wala Kilatini. Mwombaji ni wa dini gani? Baba yake alizaliwa wapi, na anafanya kazi gani? Mama yake aliitwaje kabla hajaolewa? Kisha abandike picha, na akiitwa aje kwa usaili. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema Wayahudi hawatakiwi. Msomaji aliyewahi kuulizwa "kwenu hasa ni wapi?" kwenye dirisha la ofisi anajua maswali ya namna hiyo huulizwa kwa ajili gani.

New York ya wakati ule ilikuwa imefurika Wayahudi waliokimbia ufukara na mauaji katika himaya ya Urusi. Wazazi walishona nguo kwenye karakana za Lower East Side, watoto wakasoma na kufaulu, na kosa lao likawa hilo la kufaulu mno. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1920 Wayahudi walikuwa kama asilimia 40 ya wanafunzi wa Columbia. Miaka miwili tu baadaye walikuwa wameshuka hadi asilimia 22. Wakubwa wa chuo hawakutukana mtu. Walisema wanatafuta vijana wenye tabia njema, wenye malezi, wanaotoka pande zote za nchi.

Kule Harvard, rais wa chuo A. Lawrence Lowell alikuwa mkweli kuliko wenzake, na ukweli ukamponza. Mwaka 1922 alitaka Wayahudi wasizidi asilimia 15 ya wanafunzi. Likazuka zogo gazeti hadi gazeti, walimu wake wenyewe wakaupinga mpango huo. Lowell akajifunza jambo ambalo Columbia walikwisha kulijua: neno linalokataliwa likitamkwa jukwaani hupita bila taabu likiwekwa ndani ya utaratibu. Kuanzia mwaka 1926 Harvard nayo ikaanza kupima "tabia" ya mwombaji na kudai picha yake, na idadi ya Wayahudi ikashuka bila mtu kutangaza kikomo chochote.

Naanza na fomu kwa makusudi. Leo chuki dhidi ya Wayahudi vyuoni hujadiliwa kana kwamba ni suala la maneno tu: nani alipaza sauti gani, bango liliandikwa nini. Ila kwa miaka ipatayo 30 ubaguzi mkubwa kuliko wote waliofanyiwa Wayahudi katika vyuo vya Marekani ulikwenda kimya, kwa kalamu na wino, ukifanywa na watu wenye adabu zao.

Ulimkuta kijana wa miaka 15 aitwaye Isaac Asimov mwaka 1935. Badala ya Columbia College alielekezwa Seth Low, tawi dogo ambalo chuo kililifungua Brooklyn mwaka 1928 na ambako wanafunzi wengi walikuwa Wayahudi na Waitaliano. Mwaka uliofuata tawi likafungwa, Asimov akahamishiwa chuo kikuu chenyewe, lakini si ndani ya Columbia College. Baadaye alikuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa hadithi za kisayansi duniani. Richard Feynman naye alikataliwa Columbia, akaenda MIT, na mwaka 1965 akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hao ni waliopata majina. Wengine walirudi dukani kwa baba.

Sasa tuje kwenye uhuru wa kusema, maana chuo hichohicho kilijua kuutetea, tena kwa ufasaha.

Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi walichoma vitabu katika miji ya Ujerumani. Miongoni mwa vilivyoteketea ni vya Franz Boas, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyeijenga idara ya anthropolojia ya Columbia na aliyekuwa bado akifundisha palepale. Desemba ya mwaka huohuo Columbia ikampokea Hans Luther, balozi wa serikali ya Hitler huko Marekani, aje kutoa mhadhara. Wanafunzi waliomba mwaliko ufutwe. Rais wa chuo, Nicholas Murray Butler, alikataa katakata. Butler alikuwa amekalia kiti hicho tangu mwaka 1902, na mwaka 1931 alikuwa ametunukiwa Nobel ya Amani pamoja na Jane Addams. Jibu lake lilikuwa kwamba chuo ni mahali pa fikra huru, na balozi wa serikali yenye uhusiano mwema na Marekani anastahili kupokewa kwa heshima. Luther akaja, akaeleza jinsi Ujerumani mpya inavyopenda amani. Nje, polisi walikuwa wakihangaika na waandamanaji.

Uamuzi ule, ukiutazama peke yake, unaweza kuutetea. Wapo watu wenye nia njema wanaoamini kwamba adui asikilizwe ili ajianike mwenyewe. Tatizo ni yaliyotangulia na yaliyofuata. Aprili 1932 uongozi uleule ulikuwa umemfukuza Reed Harris, mhariri wa gazeti la wanafunzi la Spectator, kwa sababu ya maandishi yake makali, na wanafunzi wakagoma. Kisha ikaja 1936.

Mwaka huo Chuo Kikuu cha Heidelberg, kilichokwisha kuwafuta kazi walimu wake wa Kiyahudi, kilikuwa kikisherehekea miaka 550 tangu kuanzishwa. Oxford na Cambridge zilikataa kwenda. Columbia ikakubali kutuma mjumbe. Mei 1936 wanafunzi waliandamana, wakaigiza uchomaji wa vitabu viwanjani mwa chuo, kisha wakaenda hadi nje ya nyumba ya Butler. Aliyewaongoza ni Robert Burke, kijana kutoka Ohio ambaye hakuwa Myahudi. Alitakiwa aombe radhi kwa utovu wa adabu, akagoma. Akafukuzwa. Hakurudishwa tena.

Kwa hiyo balozi wa Hitler alipewa ukumbi, na aliyempinga Hitler akapewa barua ya kufukuzwa. Chuo kilisema hapana upendeleo hapo: mmoja alizungumza kistaarabu, mwingine alipiga kelele usiku nje ya nyumba ya mtu. Maelezo hayo tutayasikia tena, kwa hiyo msomaji ayaweke akilini.

Mlango wa udahili haukufunguliwa na hoja. Ulifunguliwa na hofu ya kodi. Mwaka 1946, picha za kambi za mauaji zikiwa bado mbichi machoni pa watu, Rabi Stephen Wise, ambaye shahada yake ya uzamivu aliipata Columbia yenyewe, aliitaka mamlaka ya kodi ya jiji la New York ikinyang'anye chuo msamaha wa kodi kwa sababu kinabagua. Mwaka 1948 jimbo la New York likapitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa dini na rangi katika udahili. Chuo kilichoshindwa kusikia malalamiko ya miaka 30 kikasikia mlio wa sarafu. Kipengele hiki cha pesa nacho kitarudi.

Miaka 20 baadaye watoto wa waliofungiwa mlango walikuwa ndani, tena wakiongoza migomo. Aprili 1968 wanafunzi waliteka majengo matano, kuanzia Hamilton Hall. Walikuwa wakipinga mambo mawili: chuo kushirikiana na taasisi ya utafiti wa silaha iliyohusika na Vita vya Vietnam, na mpango wa kujenga ukumbi wa michezo ndani ya bustani ya umma inayopakana na Harlem, ambako wakazi weusi wangeingilia mlango wa chini. Sura iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Mark Rudd, kijana wa familia ya Kiyahudi kutoka New Jersey, na Wayahudi walikuwa wengi katika kundi lake. Ndani ya Hamilton Hall wanafunzi weusi waliwaomba weupe watafute jengo lao, wakalishika hilo wenyewe kwa nidhamu, na polisi walipokuja Aprili 30 wakatoka kwa utulivu. Kwenye majengo mengine virungu vilitembea. Waliokamatwa walizidi 700. Rais wa chuo, Grayson Kirk, akaachia ngazi Agosti.

Kutokana na damu ile likazaliwa Baraza la Seneti la chuo, lenye walimu na wanafunzi, na kanuni kwamba rais hatawaita polisi kabla ya kushauriana na kamati yake. Kwa miaka zaidi ya 50 watu waliamini kanuni hiyo ni ukuta.

Hamilton Hall likageuka jengo la mazoea. Mwaka 1985 wanafunzi walifunga milango yake kwa wiki tatu wakikitaka chuo kiuze hisa zake katika kampuni zinazofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Walilibatiza jina la Mandela, naye akiwa bado kifungoni. Mwaka huohuo wadhamini wa chuo wakakubali kuuza. Siku hizi chuo huisimulia habari hiyo kwa fahari, kana kwamba kilikuwa upande wa wanafunzi tangu mwanzo.

Sitakaa sana kwenye miaka iliyofuata, ingawa ilikuwa na vishindo vyake. Edward Said, Mpalestina aliyefundisha fasihi Columbia kuanzia 1963 hadi kifo chake mwaka 2003, alirusha jiwe mpakani mwa Lebanon mwaka 2000, picha ikasambaa, chuo kikakataa kumwadhibu. Septemba 2007 Mahmoud Ahmadinejad, rais wa Iran aliyekuwa akitilia shaka mauaji ya Wayahudi ya Hitler, alialikwa kuzungumza. Lee Bollinger, rais wa chuo na mwanasheria aliyebobea katika uhuru wa kusema, alimkaribisha kwa kumwambia usoni kwamba ana kila dalili ya dikteta mdogo katili. Mgeni alalamike, waliomwalika walaumiwe, lakini mtu akasikika na akajibiwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku Columbia ilipoikaribia zaidi ile kanuni ambayo Butler aliitaja tu.

Oktoba 7, 2023 wapiganaji wa Hamas waliua watu wapatao 1,200 nchini Israel na kuteka 251. Vita vya Gaza vilivyofuata viliua Wapalestina makumi ya maelfu. Columbia ina wanafunzi wenye ndugu pande zote mbili, na kila upande ulikuja darasani na msiba wake. Novemba 10 chuo kikasimamisha vikundi viwili vya wanafunzi vilivyoongoza maandamano. Kimoja kilikuwa cha kuwatetea Wapalestina. Cha pili kilikuwa cha Wayahudi wanaoipinga sera ya Israel. Hatua hiyo ilitangazwa kuwa ya kulinda usalama chuoni.

Hapa sheria inahitaji maneno machache, maana wengi huikosea. Ibara ya Katiba ya Marekani inayolinda uhuru wa kusema huifunga serikali, haikifungi chuo binafsi kama Columbia. Kinachoifunga Columbia ni pesa: Sehemu ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inasema anayepokea fedha za serikali kuu asibague kwa rangi wala asili. Dini haikutajwa, ila tangu 2004 Wizara ya Elimu imekuwa ikitafsiri kwamba Wayahudi wanalindwa kama watu wa asili moja. Basi chuo kikiwaacha wanafunzi wa Kiyahudi wasumbuliwe hadi washindwe kusoma, kinaweza kukatiwa fedha. Sheria ni nzuri. Ugumu ni kujua usumbufu unaanzia wapi na siasa inaishia wapi.

Desemba 5, 2023 marais wa Harvard, Pennsylvania na MIT waliulizwa mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi kama kutaka Wayahudi waangamizwe ni kosa kwa kanuni za vyuo vyao. Wakajibu kama mawakili walivyowafundisha: inategemea mazingira. Kisheria hawakukosea. Kibinadamu jibu lile lilikuwa aibu, na wawili wakapoteza viti, Liz Magill wa Pennsylvania ndani ya siku chache, Claudine Gay wa Harvard Januari 2, 2024.

Zamu ya Columbia ilifika Aprili 17, 2024. Rais wake, Minouche Shafik, mchumi mzaliwa wa Misri, alikuwa amejifunza kwa makosa ya wenzake. Alipoulizwa swali lilelile alijibu ndiyo, ni kosa, na akataja mbele ya wabunge walimu waliokuwa wakichunguzwa. Alfajiri ya siku hiyohiyo, akiwa Washington, wanafunzi walipiga mahema uwanjani. Walitaka chuo kiuze hisa zake katika kampuni zinazoihusu Israel, ombi lililonakiliwa kutoka 1985. Shafik aliuliza kamati ya Seneti kuhusu polisi, ikakataa. Aprili 18 akawaita polisi hata hivyo. Zaidi ya watu 100 walifungwa pingu. Asubuhi ukuta wa miaka 50 ulikuwa haupo.

Ndani ya mahema, yaliyopigwa upya baada ya polisi kuondoka, kulikuwa na nini? Inategemea unamuuliza nani, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Aprili 22, usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, wanafunzi wa Kiyahudi walioshiriki maandamano walifanya karamu ya ibada palepale kwenye nyasi. Siku moja kabla, rabi mmoja wa Kiorthodoksi anayehudumia wanafunzi alikuwa amewashauri warudi makwao kwa sababu hapakuwa salama. Karibu na malango ya chuo Wayahudi walipigiwa kelele warudi Poland. Mmoja wa viongozi wa kambi alionekana kwenye video akisema Wazayuni hawastahili kuishi, akasimamishwa masomo. Kikosi kazi kilichoundwa na chuo kilitoa ripoti Agosti, na ndani yake kulikuwa na wanafunzi walionyang'anywa mikufu shingoni na wengine waliotengwa kwenye vikundi vya wanafunzi. Watawala watatu wa chuo waliondolewa vyeoni kwa kutumiana jumbe za simu zenye kejeli za kale kuhusu Wayahudi na pesa, wakati Wayahudi wa chuo wakieleza malalamiko yao ukumbini. Anayesema yote hayo ni uzushi wa kuwanyamazisha Wapalestina hajasoma ripoti. Anayesema kila aliyelala kwenye hema ni mwenye chuki hajawatazama waliokuwa mle.

Usiku wa kuamkia Aprili 30 kundi moja likavunja vioo na kuingia Hamilton Hall. Likaliita kwa jina la Hind, mtoto wa kike aliyeuawa Gaza Januari mwaka huo. Jioni polisi wakapanda ngazi hadi dirishani. Ilikuwa Aprili 30, tarehe ileile ya 1968. Mahafali makuu yakafutwa. Shafik akajiuzulu Agosti, mwezi uleule alioondoka Kirk.

Kisha serikali ikabadilika Washington, na pesa zikazungumza. Machi 7, 2025 utawala wa Donald Trump ulikata ruzuku na mikataba ya Columbia ya dola milioni 400, ukisema chuo kimeshindwa kuwalinda Wayahudi. Kesho yake Mahmoud Khalil, mhitimu wa Kipalestina mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu aliyekuwa msemaji wa waandamanaji, alikamatwa nyumbani kwake na kupelekwa kizuizini Louisiana. Hakushtakiwa kwa jinai yoyote. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa baba akiwa ndani. Aliachiwa Juni 20. Jaribu kumweleza mtu wa mwaka 1948 kwamba silaha ileile ya Rabi Wise, tishio la fedha, sasa inatumika pamoja na pingu za uhamiaji.

Machi 21 chuo kikakubali masharti. Mojawapo linatugusa: Idara ya Mafunzo ya Mashariki ya Kati, Asia ya Kusini na Afrika iwekwe chini ya jicho la mtawala maalumu. Ndiyo idara ya Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala, akafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Waasia wenzake, na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Kiti chake cha uprofesa Columbia kinabeba jina la Herbert Lehman, Myahudi wa kwanza kuwa gavana wa New York. Mwanawe Zohran, mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa meya wa jiji la New York Novemba 2025 baada ya kampeni iliyoandamwa pia na swali hilihili, kama kuipinga Israel ni kuwachukia Wayahudi au la.

Julai 2025 Columbia ilijaribu kulijibu swali hilo kwa kupitisha tafsiri ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyokubaliwa mwaka 2016 na muungano wa nchi unaoshughulikia kumbukumbu ya mauaji ya Hitler. Ina mifano 11, na 7 kati yake inataja Israel. Mwandishi wake mkuu, Kenneth Stern, Myahudi na mwanasheria, amekuwa akionya kwa miaka kwamba iliandikwa kuwasaidia wakusanya takwimu Ulaya, na kwamba kuigeuza kanuni ya adhabu vyuoni kutaua mjadala. Mwezi uliofuata Rashid Khalidi, mwanahistoria aliyestaafu kiti chenye jina la Edward Said, alitangaza kwamba hatafundisha somo lake la Mashariki ya Kati kwa sababu chini ya tafsiri hiyo hawezi kulifundisha kwa ukweli. Wanafunzi waliokuwa wamejiandikisha wakalikosa somo hilo.

Mei 7 ya mwaka huo waandamanaji walikuwa wameingia kwenye chumba cha kusomea cha maktaba kuu, wakapiga ngoma na kubandika mabango wakati wenzao wakijiandaa kwa mitihani. Polisi waliwakamata watu wapatao 80. Julai 22 chuo kikatangaza adhabu kwa wanafunzi zaidi ya 70, wengi wakisimamishwa au kufukuzwa, kwa maelezo kwamba walivuruga utulivu wa wenzao. Julai 23 kikatia saini mkataba wa kuilipa serikali dola milioni 200, na nyingine milioni 21 kwa malalamiko ya wafanyakazi wa Kiyahudi, ili ruzuku zirudi.

Maktaba ile ina jina la Nicholas Murray Butler. Alipewa heshima hiyo mwaka 1946, na jina halijabadilishwa.